Alama ya Tupa kwenye Rupia Mbili

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mume, watoto watatu na cherehani. Mwezi wa saba ulipokwisha nilikuwa na watoto watatu. Mume alivuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu na ule msongamano wa watu, akasema anatangulia kututafutia pa kulala, na cherehani akaibeba yeye kichwani. Sijamwona mpaka leo, wala cherehani. Ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu zenu mkinionyesha picha ya sarafu, "Maman Zuwena, hii inaweza kutoa ngapi?", anzeni kujua hapo. Mimi sikuingia kwenye fedha ya zamani kwa kupenda vitu vizuri. Niliingia kwa njaa.

Shule niliacha darasa la tatu. Haya ninayaandika kwa mkono wangu, na anayetaka kucheka herufi zangu aje acheke mbele yangu.

Nilianza kwa kuuza mayai ya kuchemsha mpakani, upande wa Rwanda, na chumvi na pilipili kwenye kikaratasi. Watu walikuwa wanapita wakienda, halafu miaka miwili baadaye wakawa wanapita wakirudi, na wote walikuwa na njaa ile ile. Wengi hawakuwa na kitu cha kulipa. Mmoja alinipa kijiko, mwingine saa isiyotembea. Wengine walifumua pindo la gauni, wakatoa sarafu ya fedha ambayo bibi zao waliishona humo tangu enzi za Wadachi, wale Wajerumani. Nilizipokea. Nilizitupa chini ya beseni, mayai nikayapanga juu, maana askari wa bariyeri walipenda kutia mikono kila mahali, lakini yai lililopasuka hakuna anayelishika mara mbili.

Baada ya wiki moja nilizitoa, zimekuwa nyeusi kama sufuria. Nikazipeleka kwa Mzee Ramadhani, sonara aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Kamembe. Babu yake alifika huku kutoka Ujiji na misafara ya biashara, na ukoo wote ulikuwa wa kufua bangili na pete. Akaziangalia.

"Hizi umezitoa kwenye moto?"

"Kwenye beseni la mayai, Mzee."

"Umezipika pamoja na mayai?"

"Zilikaa chini tu. Mayai juu."

Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka kwenye majivu. "Binti yangu, yai na fedha haviwekwi chumba kimoja. Yai linatoa hewa yake, fedha inasawijika. Ungeniuliza." Kisha akaacha kucheka, akanitazama vizuri. "Unazipata wapi nyingi hivi?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Mimi nilitafuta, yeye akanunua, akaziyeyusha, akatengeneza bangili. Na akanifundisha. Fundisho lake la kwanza, lichukueni bure: iweke sarafu kwenye ncha ya kidole, igonge na nyingine taratibu, halafu nyamaza. Fedha inalia muda mrefu, sauti nyembamba, inaisha polepole. Bati linasema mara moja tu, linanyamaza. Ikiwa kuna kelele, nenda nyuma ya nyumba. Anayegonga huku anaongea, huyo atanunua bati maisha yake yote.

Fundisho la pili lilikuwa tupa. Kila sarafu iliyoingia kwenye kibanda, Mzee aliikata ukingoni kwa tupa, alama moja fupi, anachungulia ndani. Kama ni nyeupe mpaka moyoni, ni fedha. Kama panatokea wekundu, ni shaba iliyopakwa. Wasonara wote wa huku walifanya hivyo, na alama ile ilikuwa heshima ya mtu. Sokoni walikuwa wanapitisha kucha ukingoni, wakikuta alama wanalipa bila maneno. Mimi nilijifunza kukata mkato mwembamba kuliko wa wasonara wengine, mpaka watu wakaujua. "Hii imepita kwa Maman Zuwena," wanasema, mjadala umekwisha.

Alikuja mtu mmoja kutoka msituni, amevuka bariyeri zote na robo rupia, sarafu ndogo ya Wadachi, tumboni. Aliimeza. Alikaa kwangu akila viazi vitamu vyangu, kila asubuhi ananiambia "bado". Ilipotoka niliiosha, nikaipeleka. Mzee Ramadhani alikuwa na tabia ya kuing'ata kila sarafu kabla ya tupa. Nilimweleza hiyo imepita wapi. Kuanzia siku ile aliacha kung'ata kabisa.

Sasa, kwa nini nilianza kuziweka badala ya kuziacha ziyeyushwe? Si kwamba nilikuwa nimesoma. Niliipenda kofia. Kwenye rupia za Wadachi yupo Kaisari wao, na kofia ya chuma, na juu ya kofia ndege mzima amekaa. Upande wa pili, zile za zamani zaidi, simba na mnazi. Nilianza kuchagua zile ambazo ndege bado alikuwa na manyoya, maana zilizotembea sana ndege huwa amenyonyoka. Nikazipanga kwa mwaka. Hapo nikaona jambo ambalo Mzee, na uzee wake wote, hakuwahi kuliona kwa sababu zake zilikuwa zinaingia motoni: kuna miaka inakuja kila siku ya soko, na kuna miaka haiji. Nikajua kwamba ule usiokuja ndio wa kutafuta. Hilo halikuandikwa mahali. Nililiona kwenye meza yangu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa dokteri wa watoto, Mfaransa, aliyefanya kazi hospitali upande wa Bukavu. Tulimwita Dokta Alain. Alikuwa anavuka kuja kupanda ndege hapa Kamembe. Siku moja nilikuwa nimepanga zangu kwenye kitambaa, akachuchumaa, akakaa pale mpaka karibu ndege imwache. Ndiye aliyeniambia habari ya plastiki. Kuna watu Amerika, anasema, kazi yao ni kutazama sarafu za wengine. Unawapelekea, wanaitazama, wanaifungia ndani ya plastiki ngumu, wanaandika juu yake mwaka na namba. Namba inaanza moja, inaishia sabini. Sabini ni ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika.

"Basi ni kinyume na watu," nikamwambia. "Huku kwetu anayefika sabini ndiye aliyeshikwa na kila kitu."

Alicheka. Lakini aliniambia pia kwamba sarafu yenye namba ya juu, ya mwaka ule usiokuja, inaweza kununua nyumba. Hilo halikunichekesha. Nililishika.

Maana nyumba ndiyo ilikuwa shida yangu. Tulikuwa tunapanga, mimi na watoto, nyumba ya matofali yenye parseli ndogo, kiwanja chake, karibu na msikiti. Mwenye nyumba alikuwa Papa Innocent, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Uvira, akarudi baada ya vita. Muntu mzuri. Alikuja akakaa kwenye ngazi yangu.

"Maman Zuwena, miye sitaki kukutosha inje ya nyumba. Batoto bako nabajua. Lakini nauza, niko na shida. Weye wa kwanza kuambiwa. Nakungojea mpaka mvua ianze."

Nilimpa Dokta Alain sarafu zangu zote nzuri azipeleke. Zilirudi baada ya miezi mingi, kwenye vijifuko. Hakuna hata moja iliyopata namba. Dokta alinisomea karatasi, uso umemshuka.

"Banasema zote zimekatwa, maman. Hapa, ukingoni."

"Ndiyo zimekatwa. Nimezikata mimi. Ndiyo maana ni za kweli."

"Kwao, ikikatwa imeumizwa."

"Na bila kukata wao wanajuaje?"

"Bako na mashine."

"Basi walete mashine Kamembe."

Sikuwa na kosa, na sikubali mtu aniambie nilikuwa nalo. Nilifanya kazi kama inavyofanywa huku. Aliyekosa ni yule aliyekaa mbali na kuamua kwamba uaminifu wangu ni jeraha. Lakini kukasirika hakulipi parseli. Niliacha kukata. Nikaanza kuzishika ukingoni kwa vidole viwili, hapana kugusa uso, hapana kufuta kwa kanga, hapana majivu na limao. Nikazifunga kwenye karatasi kavu, kila moja peke yake. Fanyeni hivyo hivyo. Vijana wa leo mnazisugua kwa dawa ya meno ili zing'ae kwenye picha, halafu mnalia bei ni ndogo.

Mzee Ramadhani hakulipenda. "Unauza kitu ambacho hujakifungua," aliniambia. "Utamjibu nini mtu akirudi?"

"Atakayenunua haji kutoka hapa."

"Wewe unaishi hapa."

Na kweli. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Congo, na kila kitu kilikuwa kinavuka lile daraja, cha kweli na cha bongo, cha uongo. Zikaja rupia bandia, bati lililopakwa vizuri, ndege ana manyoya yote. Kambisti mmoja wa sokoni, Papa Didier, mwenye meza ya kubadilisha pesa, alinunua kopo zima kwa mtu asiyemjua. Zote hazikuwa na alama ya tupa. Aliliwa mpaka mtaji. Na nani mwingine Kamembe alikuwa na rupia zisizo na alama? Mimi.

Wakati maneno hayo yanazunguka, nilipata niliyokuwa naitafuta. Kule Nkungu, kwa mukecuru mmoja, bibi kizee mjane aitwaye Veronika. Baba mkwe wake alibebea Wadachi mizigo pale Shangi, wakamlipa sarafu moja kubwa. Si rupia moja. Rupia mbili. Ya mwaka 1894. Nilikuwa nimeisikia kwa Dokta tu, kama mnavyosikia habari ya simba mweupe. Bibi alikuwa ameihifadhi kwenye kibuyu cha mbegu za mtama tangu aolewe, haikuguswa na kitu isipokuwa mbegu. Ndege alikuwa na manyoya, simba alikuwa na kucha, na juu ya fedha kulikuwa na rangi kama ya shingo ya njiwa.

Bibi hakutaka pesa. Nyumba yake ilichukuliwa mabati mwaka ule wa 1994, na alikuwa analala chini ya majani ya migomba. Alitaka mabati. Nilimpelekea mabati, mbao na misumari, nikasimama mpaka fundi akamaliza. Hakuna atakayesema nilimwibia mjane.

Dokta Alain alikuwa anasafiri, akaniambia nimletee kabla ya ndege. Kutoka kwangu kwenda njia ya uwanja lazima upite kando ya soko. Nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi, karatasi kwenye kitambaa, kitambaa kifuani. Papa Didier aliniona.

"Maman Zuwena! Simama kwanza. Unapeleka nini kwa muzungu wako?"

"Vitu vyangu."

"Vitu vyako, ile ya bongo ilikula mtaji wangu! Juu ya nini zako hazina alama siku hizi? Zamani ulikuwa unakata. Leo unaogopa tupa?"

Watu wakaanza kukusanyika. Sikumbuki wangapi, nakumbuka viatu, na wasio na viatu.

"Mimi sijakuuzia hata moja, Papa Didier. Unajua."

"Wale benyewe baliniuzia balisema ni mali yako! Onyesha uliyo nayo. Kama haiko ya bongo, kata tuone."

"Haikatwi. Ikikatwa inakufa."

Walicheka. Mwanamke muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye nilimkopesha chumvi maisha yangu yote, alipiga makofi. "Munasikia? Fedha yake inakufa! Tuichimbie kaburi!"

"Nitaipima kwa mzani," nikasema.

"Mzani?" Didier akasema. "Mzani wa soko la Kamembe? Huo ndio mwongo wa kwanza hapa!"

Hapo hata mimi ningecheka, kama ingekuwa siku nyingine. Lakini sikilizeni, vijana, maana ninyi hamkuwa hapa. Miaka ile mtu akiitwa mwongo mbele ya soko, jina halikuishia hapo. Kesho yake linaongezwa lingine, la msaliti. Anavusha vitu vya nani? Mume wake yuko upande gani wa maji? Nilianza kusikia mtu nyuma akiuliza swali hilo hilo, la mume.

Ndipo Mzee Ramadhani akatoka kibandani kwake, na aproni yake ya ngozi, na watu wakampisha. Alinyoosha mkono. "Nipe, binti yangu. Niisikilize."

Nilimpa. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza, ningemnyima vipi?

Aliiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga. Sijawahi kusikia fedha ikilia vile, ilikwenda mpaka nikadhani haitakoma. Nilinyoosha mkono kuichukua. Na yeye, kwa mkono wa kulia, akatoa tupa kwenye mfuko wa aproni, akaikata. Mara moja. Mkato mmoja, mpana, wa mtu asiye na haraka.

Akaiinua juu, akamzungushia Didier, akamzungushia muuza sambaza. "Nyeupe," alisema. "Nyeupe mpaka moyoni. Nani ana neno?"

Papa Didier, huyo huyo, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ningemuuzia. Watu walirudi kwenye meza zao. Mwenye swali la mume sikumsikia tena, siku ile wala nyingine.

Mzee alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari. "Sasa una jina," akasema.

"Umekata nyumba yangu."

"Nimekata maneno ya watu."

Nilimkuta Dokta Alain uwanjani, nikafungua kitambaa. Aliizungusha ukingoni kwa vidole vyake viwili, akafika pale, akasimama. "Ah, non. Maman. Non." Aliichukua hata hivyo, kwa huruma, na huruma ya mtu anayepanda ndege naijua thamani yake. Ilirudi mwaka uliofuata ndani ya plastiki ile ile niliyoitamani. Mwaka umeandikwa, 1894. Mahali pa namba hapana namba, pana maneno, na maneno yale yanasema ukingo umekatwa kwa tupa. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza zamani. Papa Innocent alingojea kuliko alivyoahidi, halafu akauza kwa mwenye duka la saruji. Tulihama na vyombo vyetu kwenye baiskeli za watu.

Tulifanya kazi bega kwa bega, mimi na Mzee Ramadhani, mpaka alipofariki, na tulisalimiana kila asubuhi kama Waislamu. Zaidi ya salamu, hapana. Siku moja karibu na mwisho aliniita kwa jina langu mwenyewe, macho yamemwishia, "Mwajuma, wangekuua." Nikamjibu, "Labda." Alipokufa nilitoa sanda, ya kitambaa kizuri. Sikulia.

Mnapenda kuniuliza, alikuwa na haki au hakuwa nayo? Muuza sambaza naye aliniuliza, na anayo bahati kwamba sikuwa na beseni mkononi. Watoto wangu wako hai, wamekua, mmoja ana watoto wake Giheke. Hilo naliona. Naona pia kodi kila mwisho wa mwezi, miaka zaidi ya ishirini, kwa mtu ambaye hajui mimi ni nani. Anayeweza kujumlisha hayo mawili akapata jibu, anifundishe. Mimi niliishia la tatu.

Kwa hiyo fanyeni kazi hii mkitaka, lakini amueni mapema mnamfanyia nani. Ukimfanyia wa mbali, usikate, usisugue, na usipite sokoni. Ukimfanyia wa hapa, kata, kila mtu aone, na usahau plastiki. Mimi nilitaka vyote viwili na mguu mmoja kila upande.

Leo nina hivi. Vyumba viwili vya kupanga, na jiko la nje tunalotumia na majirani. Mbuzi wawili Mururu, wanalishwa na mtu, mmoja ana mimba. Mzani mdogo wa sonara, unaosema kweli. Beseni. Kanga, sitaki kuhesabu. Rupia za kawaida kama kiganja kimoja, zote na alama yangu. Na rupia mbili ya 1894, kwenye plastiki isiyo na namba.

Juzi wamekuja vijana wawili kutoka Kigali, wameitazama sana, wameniuliza bei. Nimewaambia bei ni nyumba ya matofali yenye parseli ndogo karibu na msikiti. Wakacheka, "Maman, lakini imekatwa hii." Nikawaambia ndiyo, imekatwa, na bei ni nyumba. Wakaniuliza kama ninaweza kupunguza. Nimewaambia waniletee nyumba isiyo na jiko.